Duka la Kitu Kimoja: Leso za Mtaa wa Biashara

Duka la leso la Mombasa ni duka la kitu kimoja. Halina sukari wala sabuni, halina viatu wala vyombo. Lina leso kutoka sakafuni hadi darini, na pembeni pengine vikoi vya wanaume na miswala michache, na mwenye duka haoni upungufu wowote katika hilo. Maduka ya namna hii yamepangana ubavu kwa ubavu katika Mtaa wa Biashara, unaochomoka kwenye Barabara ya Digo na kuelekea magharibi, si mbali na soko la Marikiti. Upande wa pili wa Digo, barabara ambayo zamani ilikuwa na jina la Salim, umelala Mji wa Kale na vichochoro vyake vinavyoteremka hadi Fort Jesus na bandari ya majahazi. Mtaa wa Biashara basi uko mpakani: huku mji wa ofisi, benki na magari, huko mji wa mabaraza na milango ya nakshi, na leso zilizotundikwa milangoni, nyekundu, zambarau, manjano kali, hupepea juu ya vichwa vya watu wa pande zote mbili. Anayepita bila nia ya kununua huangalia vilevile, maana macho hayana pazia, na akiangalia huwa ameshaanza kusoma, kwa sababu karibu kila kitambaa kilichotundikwa pale kimeandikwa neno.

Kwa mahesabu ya siku hizi, maduka mengi kuuza kitu kile kile katika mtaa mmoja ni kukabana koo. Mji wa pwani umeliona jambo hili kwa jicho jingine. Mnunuzi hazunguki kutwa. Akikosa rangi anayoitaka hapa ataipata mlango wa tatu, na mara nyingi mwenye duka wa kwanza ndiye humtuma kijana wake kwa jirani akaichukue. Ushindani upo, tena mkali, lakini hupiganwa kwa ujuzi: nani kapata muundo mpya kabla ya wenziwe, nani pamba yake haichuji, nani anakumbuka kwamba bibi fulani wa Kibokoni hapendi kijani na kwamba binti yake anaolewa baada ya mfungo. Duka la vitu elfu haliwezi kumjua mteja kiasi hicho. Anayekijua kitu kimoja mpaka ndani hubakiwa na nafasi ya kumjua yule anayekuja kukitafuta, na nafasi hiyo ndiyo mali kubwa ya duka dogo. Ndiyo inayomfanya mama apande matatu kutoka Likoni au Kisauni kuja kununua kitu ambacho kingeweza kupatikana karibu na kwake.

Kabla ya leso kulikuwa na merikani na kaniki. Merikani ilikuwa pamba isiyotiwa rangi, kutoka viwanda vya Massachusetts, iliyoletwa na wafanyabiashara wa Salem. Zanzibar na Marekani zilikuwa zimewekeana mkataba wa biashara mwaka 1833. Kaniki ilikuwa nguo iliyotiwa nili mpaka ikakaribia weusi. Hayo yalikuwa mavazi ya watumwa na ya watu wa kazi za sulubu, na mtu aliweza kutambuliwa daraja lake kwa kitambaa kabla hajafungua kinywa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilipoibana njia ya pamba, vitambaa vya Uingereza na Bombay vikajaza pengo. Katika nusu ya pili ya karne hiyo, kwa masimulizi yanayorudiwa pwani nzima, wanawake walianza kununua vitambaa vya mkononi vya mraba vilivyokuwa bado havijakatwa kwenye jora. Wakakatisha sita kwa mara moja, wakavishona vitatu juu ya vitatu, wakapata nguo moja pana ya kujifunga. Wenye maduka hawakukawia kuona. Waliagiza nguo iliyochapwa tayari kwa kipimo hicho, na leso ikazaliwa.

Hapo panastahili kutuliwa kidogo. Vazi ambalo leo ni alama ya pwani halikuchorwa na mtaalamu wa kiwanda wala halikuamriwa na mtawala. Lilitokea kwenye kaunta, kati ya mwanamke aliyetaka kitu ambacho hakikuwako na muuzaji aliyekuwa karibu naye vya kutosha kumsikia. Utumwa ulipofutwa kisheria, Zanzibar mwaka 1897 na pwani ya Kenya mwaka 1907, wanawake waliokuwa wamefungwa kaniki maisha yao yote waliingia katika maduka hayo na fedha zao mkononi. Kuchagua kati ya nyekundu na manjano kulikuwa ni kuchagua kwa mara ya kwanza. Historia za uhuru zimeandikwa kwa kufuata matamko na tarehe, na ni sawa. Lakini sehemu moja ya historia hiyo ilipimwa kwa mkono na kukatwa kwa mkasi dukani, na haina budi kuhesabiwa pamoja na nyingine.

Uchapaji wenyewe ulifanyika mbali. Leso zilitoka Uingereza, Uholanzi na India, baadaye Japani. Kuanzia 1968 Tanzania ilikuwa na kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa China. Viwanda vingi vya nguo vya Kenya vilififia katika miaka ya 1990, soko lilipofunguliwa na mitumba ikamiminika. Siku hizi sehemu kubwa ya leso za Mombasa huchapwa India na China. Pamoja na safari yote hiyo ya bahari, uamuzi ulibaki mtaani. Wenye maduka ndio waliochagua pindo, rangi na maneno, wakatuma oda, na wakatia alama zao kwenye ukingo wa kitambaa. Iliyo mashuhuri kuliko zote ni ya duka la Kaderdina Hajee Essak: herufi K.H.E. na maneno “Mali ya Abdulla”. Wenyewe huhesabu mwanzo wao kuwa mwaka 1887, na simulizi nyingi za leso humtaja mwenye alama hiyo kuwa ndiye aliyeanzisha desturi ya kuchapa methali na misemo, kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha kwa Kirumi. Mnunuzi mzee bado huanza kwa kuugeuza ukingo na kuutafuta mstari huo mwembamba kabla hajaangalia maua. Alama inamwambia kwamba nyuma ya kitambaa kuna mtu, ana mlango, na mlango wenyewe unajulikana ulipo. Leso ikichuja, kuna pa kuirudisha na kuna wa kumlaumu.

Leso ina pindo, mji na jina. Pindo ni ukingo unaozunguka pande zote nne, mji ni uwanja wa kati, na jina ni maneno yaliyochapwa katika kisanduku kirefu upande wa chini. Huuzwa jozi, mbili zilizoungana zikiwa hazijakatwa, kila moja ikiwa na urefu wa karibu mita moja na nusu na upana wa mita moja na kidogo. Moja hufungwa kiunoni au kifuani, ya pili hutupwa kichwani na mabegani. Dukani zimekunjwa na kurundikwa, nyingi kwa namna ambayo jina hutangulia kuonekana, na rundo likiwa refu zile za chini huonekana ncha tu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mwenye duka huinama mara nyingi kwa siku. Hushika jozi kwa pembe mbili, akairusha, nguo ikafunguka hewani na kutua juu ya kaunta, jina likimwelekea mteja. Kisha nyingine juu yake, na nyingine, mpaka kaunta imefunikwa na rangi zinazogombana, na hakuna anayeonyesha kuchoka.

“Karibu mama. Wataka ya nyumbani au ya kutokea?”

“Ya kumpa mtu. Nionyeshe maneno kwanza, rangi tutaona.”

Jibu hilo ni la kawaida kuliko mgeni anavyoweza kudhani, na humgeuza muuzaji kuwa kitu kingine. Hatakiwi tena kupima kitambaa. Atakiwa kupima jambo. Ni zawadi ya nani? Mkwe? Jirani? Mtoto aliyemaliza shule? Mume aliyerudi baada ya kukawia? Maswali hayo hayaulizwi hivyo hivyo, maana si adabu. Huulizwa kwa kutoa leso. Akitoa “Wazazi ni dhahabu, kuwatunza ni thawabu” na mteja akaiweka kando kwa upole, basi si ya mama. Akitoa “Usisafirie nyota ya mwenzio” na mteja akacheka kidogo, mkono ukabaki juu ya nguo, muuzaji ameshaelewa kwamba kuna mtu mtaani anayepaswa kuisoma. Huongeza basi zilizo jirani na hiyo kwa maana: “Hasidi hana sababu”, na ile ndefu zaidi, “Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake”. Hakuna ugomvi uliotajwa, hakuna jina la mtu lililopita kinywani, na hata hivyo wawili hao wameshauriana juu ya ugomvi kwa muda mrefu, tena kwa heshima kamili.

Nguvu ya jina ni kwamba linasemwa bila kusemwa. Mwanamke aliyejifunga leso yenye fumbo akapita mbele ya baraza la jirani hakutamka neno. Akiulizwa atasema alipenda maua. Aliyelengwa naye hawezi kulalamika bila kukiri kwamba maneno yamemfikia. Ndiyo sababu fumbo la leso limeweza kubeba mambo ambayo ulimi ukiyabeba huvunja nyumba: wivu wa uke wenza, deni lisilolipwa, mgeni aliyekaa mpaka akasahau kwao, na kwa huyo ipo “Akufukuzaye hakwambii toka”. Lakini si vijembe tu, na ni kuipunja leso kuieleza kwa vijembe peke yake, kama wafanyavyo wengi wanaoitazama kutoka nje. Sehemu kubwa ya majina ni dua, shukrani na faraja. “Wema hauozi” hununuliwa na mtu aliyetendewa jambo ambalo fedha haziwezi kulilipa. “Sisi sote abiria, dereva ni Mungu” hupelekwa kwenye nyumba yenye msiba au yenye safari. Mama humpa mkaza mwana leso yenye maneno ya kumkaribisha, na maneno hayo, kwa kuwa yamechapwa na hayafutiki kwa kufuliwa, humfunga mtoaji kuliko mpokeaji. Muuzaji mzuri anayajua majina ya dukani kwake kama yalivyo, na anajua pia lipi limeanza kutumiwa vibaya mtaani, lipi limechoka, na lipi lisipewe bibi harusi hata kama rangi yake inampendeza.

Maneno hayo hayatoki hewani. Wauzaji huyaokota kwa wateja wenyewe: msemo uliosikika kaburini au harusini, jibu ambalo bibi mmoja alimpa mwenziwe kwenye foleni, methali ambayo kila mtu aliijua ila haikuwa imewahi kuandikwa popote. Mwanamke huingia na kusema neno, muuzaji huliandika pembeni mwa daftari, na baada ya miezi linarudi kutoka ng’ambo limechapwa kwenye maelfu ya nguo. Kwa njia hiyo duka la leso limekuwa mhariri na mchapishaji wa Kiswahili kwa zaidi ya karne moja, na maktaba yake imevaliwa, imebeba watoto mgongoni na imetandikwa kitandani. Hakuna kamusi iliyomfikia mwanamke wa kijijini kwa urahisi huo. Wenye maduka hawakupewa sifa ya kazi hiyo ya fasihi, na waandishi wa majina wengi wao hawatajwi popote. Ni hasara ya kweli kwa historia ya lugha, na mtafiti kijana anayetafuta kazi ya kufanya angeanza na madaftari ya maduka haya kabla hayajaliwa na mchwa.

Zipo leso zisizotafutiwa maneno. Kisutu, ya rangi nyekundu, nyeusi na nyeupe, ni ya bibi harusi, na muundo wake ni miongoni mwa ile ya kale kabisa; mara nyingi haina jina lolote, na haihitaji. Msimu wa harusi huleta pia sare: ukoo mzima, au kundi la marafiki, huvaa leso moja, na hapo mnunuzi hataki jozi moja, anataka nyingi za rangi ile ile, bila hata moja kupungua. Zamani vyama vya wanawake vya lelemama katika Mombasa vilishindana hivyo hivyo, kila upande na nguo yake, na ushindi ulianza dukani kabla ya ngoma kulia. Kazi ya kukusanya sare humfunua muuzaji. Mwenye mtandao wa kweli hupiga simu mtaa mzima, akakopa tano hapa na nane pale, akakamilisha idadi. Asiye nao husema zimekwisha.

Halafu kuna elimu ya mkono, ambayo haiandikwi kwenye lebo. Mteja anayejua huikamata leso kwa vidole viwili na kuisugua, asikie kama ni pamba tupu au imechanganywa na polista. Huiinua dhidi ya mwanga wa mlangoni aone msongamano wa nyuzi. Huigeuza aone rangi imepenya kiasi gani upande wa nyuma. Hulowesha ncha ya kidole kwa mate na kuifikicha juu ya nyekundu, kisha akakiangalia kidole. Shaka ikizidi huchomolewa uzi mmoja ukingoni na kuwashwa kiberiti: pamba huungua kwa harufu ya karatasi na kuacha majivu mepesi, polista hujikunja, ikayeyuka na kuacha tone gumu jeusi. Ugumu wa leso mpya haumdanganyi mtu kama huyo, kwa sababu anajua ni wanga wa kiwandani na kwamba utaondoka kwenye maji ya kwanza, yale ambayo watu wengi hutia chumvi ili rangi ishike. Binti aliyeletwa na mama yake husimama pembeni akiangalia haya yote, na baada ya safari kadhaa mkono wake huanza kuyafanya wenyewe. Hilo ndilo jambo linalosahauliwa watu wanapouliza kwa nini maduka ya namna hii hufa. Hutajwa kodi ya pango, hutajwa maegesho, na ni kweli. Lakini duka la ujuzi huishi kwa wanunuzi wenye ujuzi. Siku mteja asipojua kutofautisha, muuzaji aliyeagiza pamba nzuri kwa bei ya juu hana namna ya kumshinda aliyeagiza takataka.

Bei hupatanwa, ingawa si kwa kelele wanazozifikiria wageni. Mwenye duka hutaja, mteja hunyamaza. Huo ndio mwanzo wa mapatano. Hutajwa wingi, hutajwa ujirani, hutajwa Idi iliyopita, na bei hushuka kidogo, mpaka pale ambapo wote wawili wanajua haiwezi kupita. Mteja wa siku nyingi huweza kuchukua na kulipa mwisho wa mwezi. Mali bila daftari hupotea bila habari, kwa hiyo jina lake huandikwa, lakini haandikishwi kitambulisho wala hatiwi saini. Anajulikana anakokaa na ni mtoto wa nani. Nguo ikishalipiwa hutoka hadi varandani, kwa fundi wa cherehani. Fundi huikata jozi katikati, huzipinda ncha kwa mshono mwembamba, na kazi huisha kabla mteja hajamaliza kuzungumza na aliyekutana naye pale. Leso isiyopindwa ni ya dukani bado. Ikishapita chini ya sindano imekuwa ya mtu.

Mtaa huu una jamaa zake mjini, na mtu aliyeshika njia ya leso kwa kawaida huwapitia. Wauza manukato wanakiishi kitu chao kwa namna ile ile: chupa ndogo za mafuta ya udi, waridi, yasmini, miski na ambari, zikipimwa kwa tola, kipimo cha karibu gramu kumi na mbili kilichokuja na biashara ya Bara Hindi. Muuzaji huchovya kijiti cha glasi, akagusa nyuma ya kiganja cha mteja, kisha akamwambia aende zake akarudi baadaye, kwa sababu mafuta ya dakika ya kwanza na ya saa ya pili si mafuta mamoja. Watengenezaji wa halwa hukoroga wanga, sukari, samli na iliki katika sufuria pana kwa mwiko mrefu, na halwa ya kila mmoja hutambulika kwa ulimi. Wauza viungo wa Marikiti humuuliza mnunuzi anapika nini kabla ya kumpimia bizari. Kote huko sheria ni moja: muuzaji anaruhusiwa kumwambia mteja kwamba anachokitaka hakimfai.

Maduka makubwa yalikuja Mombasa na ahadi ya kila kitu chini ya paa moja, hewa baridi na bei isiyojadiliwa. Yana faida zake, na hakuna sababu ya kumwonea kinyongo mama anayesukuma kigari chake kati ya rafu safi akiwa na mtoto mkononi. Ila ukubwa si dawa ya kudumu. Nakumatt, iliyokuwa na matawi nchi nzima na Mombasa ikiwamo, ilianza kuishiwa bidhaa rafuni mwaka 2017, na Januari 2020 wadai wake wakapiga kura ifilisiwe. Tishio kwa leso limetoka upande mwingine, nalo ni jembamba zaidi: nakala. Muundo unaopendwa hupigwa picha, hupelekwa kiwandani, na baada ya muda mfupi hurudi ukiwa polista, umepunguzwa upana, rangi imekaa upande mmoja tu, na jina limekosewa herufi. Kosa la tahajia katika methali ni jambo dogo kwa anayechapa, lakini mwanamke aliyeandikiwa dua yenye makosa amedhulumiwa kitu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, walisema wahenga, na nakala hizi hakika zinatembezwa, begani, barabarani, kwa nusu ya bei.

Simu, ambayo wengi waliiogopa, imekuwa rafiki zaidi kuliko adui. M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 ilimwezesha mteja wa Malindi au Lamu kulipa bila kusafiri, na sasa picha za miundo mipya huenda kwenye vikundi vya WhatsApp kabla majora hayajafunguliwa vizuri. Kinachopungua ni kidole: hakuna anayeweza kusugua picha. Kwa hiyo biashara ya simu imeegemea kabisa imani iliyojengwa kaunta, na wanaoagiza kwa picha wengi wao ni wale waliowahi kusimama pale. Hivyo ndivyo leso zinavyofika mbali. Katika Oman, familia zenye asili ya Zanzibar na Mombasa bado huzivaa nyumbani na kuziagiza kwa jamaa wanaosafiri. Wangazija wanazo, na watu wa pwani waliohamia Uingereza, Kanada na Marekani huzipokea ndani ya masanduku ya wageni, zimekunjwa katikati ya viungo na kashata. Anayeagiza kutoka huko hutuma jina kwanza, kama mama yule wa kaunta, na rangi humwachia muuzaji.

Kuna pia oda za kurudi nyuma. Mtu huingia dukani na kipande cha leso iliyochakaa, ya marehemu mama yake pengine, akauliza kama muundo ule bado upo. Muuzaji hukipeleka kwenye mwanga, hutafuta alama ya ukingoni kama haijafutika, hulinganisha na vipande vya zamani alivyovihifadhi, na huwauliza majirani. Ukipatikana umebaki mahali, huletwa siku hiyo hiyo. Usipopatikana, na wakiwa wameutafuta watu wa kutosha, huingizwa kwenye oda inayofuata, mara nyingi kwa rangi zake za asili pamoja na moja au mbili mpya kwa ajili ya vijana. Kazi hiyo huchukua miezi, na mteja huambiwa tangu mwanzo, ili aamue kama atangoja au atachagua nyingine iliyopo rafuni.